Redio Niliyoinunua Korogwe

Nitaanza na kosa langu. Wengine hapa Mkata wakikusimulia habari hii wataanza na mwekezaji, wengine na serikali ya kijiji, na wote watakuwa wanasema kweli, ila hawatakuwa wamefika. Kosa ni langu mimi, Kudra, fundi cherehani, mwenye mdomo wa kukosoa suruali za watu wote wa barabara hii. Mwaka tisini na nne nilikwenda Korogwe kuchagua chombo cha kunasa sauti ya bibi yangu, na nilichagua kwa macho.

Mama yangu aliitwa Mwantumu. Alikufa nikiwa na miaka miwili, akazikwa Kwamndolo, kijiji chetu cha zamani, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka hapa barabarani. Kijiji chenyewe hakipo tena. Mwaka sabini na nne alikuja karani na kalamu, akapita nyumba hadi nyumba akiandika majina ya wakubwa wa kaya, akacheka nao, akanywa togwa lao. Wiki iliyofuata yakaja malori. Tulipakiwa na kuku zetu, na nyumba zikachomwa nyuma yetu ili tusipate wazo la kurudi.

Bibi Hamisa, mama yake mama, ndiye aliyenilea, na hakuisahau ile kalamu. Tangu siku hiyo hakukubali jina la mtu wake liandikwe mbele yake, awe hai au awe amekufa. Kadi yangu ya kliniki aliichana. Shule niliandikishwa kwa siri na mjomba, na Bibi alipojua alinuna mfungo mzima. Ukimwambia karatasi ni karatasi tu, anakuuliza, "Lori nalo ni lori tu?"

Basi nikakua bila kujua kaburi la mama yangu ni lipi. Watoto hatukuruhusiwa kusogea makaburini, na tulipofika umri wa kuruhusiwa, Kwamndolo ilikuwa imeshakuwa mahame, wanaichungia Wamasai. Kila nilipouliza Bibi alinijibu, "Utaonyeshwa siku tukienda." Hatukwenda. Mwaka wa kwanza njaa, mwaka wa pili magoti, mwaka wa tatu nilikuwa na harusi za watu za kushona. Si kwamba sikumtaka mama yangu. Nilimtaka kila siku. Ila kaburi haliondoki, ndivyo nilivyojiambia, litanisubiri.

Halafu ikaja zamu ya wawekezaji. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Semboja, akaitisha mkutano akatuambia Kwamndolo imepata mwenyewe, shamba kubwa la mahindi, na trekta litaingia masika yakiisha. Wazee wakaguna. Mzee Semboja akainua mkono. Alisema mwekezaji ni mtu wa utu, amekubali makaburi yahamishwe. Kila kaburi litakalotajwa jina la aliyelala humo litafukuliwa kwa heshima, na shehe, na sanda, na mtu wetu atazikwa upya hapa Mkata kwenye kaburi lake peke yake. Yatakayokosa jina yatakusanywa yote yatiwe shimo moja.

Ya ukoo wetu yalikuwa kumi na manne, mafungu ya mawe yasiyo na alama. Aliyeyajua alikuwa amebaki mmoja duniani, Bibi; mjomba alikuwa amefia mbali, akazikwa hukohuko.

Nilimkuta Bibi ukumbini akipepeta choroko, nikampa habari. Alipepeta mpaka akamaliza ungo wote.

"Nitakwenda mara moja," akasema. "Nitawataja kulekule, kila mmoja mbele yake, jina na baba yake na alikotoka na kilichomuua. Sitawataja hapa mkekani kama ninasema bei ya mahindi. Na karatasi isionekane."

"Bibi, watu kumi na wanne na habari zao zote, nitazishikaje bila kuandika?"

"Mimi nilizishikaje?"

Nikamwambia kuna redio siku hizi zinanasa sauti ya mtu, mtu akasikika hata akiwa hayupo. Alikuwa amezisikia redio, ila hakujua kwamba zinasikiliza pia.

"Ikishanaswa inakuwa ya nani?"

"Inabaki yako, Bibi. Ni sauti yako."

"Basi kailete."

Nikapanda basi nikashukia Segera, nikadandia jingine mpaka Korogwe. Enzi zile za ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya Korogwe yalikuwa yamefura. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni tulikuwa tunaingia dukani kwa haya, kama tumealikwa. Kwenye duka nililoingia kulikuwa na redio mpaka darini, zote za Dubai, na nje barazani alikaa fundi redio mmoja, Matayo, Msambaa wa Kwashemshi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, anapasha moto chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa. Mwenye duka alikuwa na wateja wengi, kwa hiyo akanisukumia kwa Matayo.

"Unataka ya kusikilizia au ya kunasia, dada?" Matayo akaniuliza.

Nikamweleza yote, bibi, makaburi, mahame yasiyo na umeme. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyostahili. Kwanza nilimuuliza habari za kamera. Akasema kamera itanipa picha ya mawe kumi na manne yanayofanana. Nikamuuliza habari za yule bwana anayepiga video za harusi. Akasema yule hatembei bila jenereta, na jenereta haiendi na punda. Kisha akaingia dukani akatoka na kitu kidogo cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, kina waya mrefu na kipaza sauti chake mwishoni.

"Hiki hapa. Wanatumia waandishi wa habari. Kipaza sauti unambandika bibi kwenye kanga, hapa kifuani, hata akinong'ona kinanasa. Betri mbili ndogo. Chukua kanda za dakika sitini, zile ndefu mkanda wake mwembamba, unakatika. Na betri, dada yangu, siku hiyo weka mpya. Kila ukigeuza kanda weka mpya. Kunasa si sawa na kusikiliza."

Mimi huku jicho langu lilikuwa limeshapotea. Kwenye rafu ya katikati ilikuwepo redio ya deki mbili, ndefu, rangi ya fedha, ina spika mbili kama macho ya bundi na taa ndogondogo zinazopanda na kushuka muziki ukilia. Ilikula betri kubwa nane. Kipaza sauti chake kilikuwa tundu dogo tu mbele.

"Ile inanasa?" nikauliza.

"Inanasa. Lakini inanasa na upepo, na mashine yake yenyewe inavyozunguka. Ile ni ya kupigia muziki."

"Fundi, bibi yangu anakwenda kuzungumza na watu wake, nikamfungie kisabuni kifuani?"

Matayo akacheka kidogo. "Mchagua jembe si mkulima, wanasema. Lakini na mimi nimekuonyesha jembe la shamba lako, umelikataa."

Nilijiambia nafanya kwa heshima ya Bibi. Uongo. Niliiona ile redio barazani kwangu Mkata, juu ya meza ya kukatia vitambaa, mabasi yakisimama na abiria wakigeuza shingo. Niliona wateja wanakuja kwangu wanamwacha yule fundi wa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimekwenda kumtafuta mama yangu, nikarudi na kivutio cha biashara.

Na kweli walikuja. Kwa majuma mawili redio ile ililia kuanzia alfajiri mpaka jioni, dansi, taarabu, chochote watu walichoniletea. Nilisema najifunza kuitumia. Nilichojifunza ni kuongeza sauti.

Siku mbili kabla ya safari muziki ulianza kuvuta, mwimbaji anaimba kama anasinzia. Betri zilikuwa zimekwisha. Duka la betri lilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye cherehani yangu. Ningeweza kununua. Nasema wazi, ningeweza. Lakini nani Mkata ananunua betri mpya kabla ya kuanika za zamani? Tumezaliwa tunaona betri zimepangwa juu ya bati kama dagaa. Nikazipanga zote nane juani, siku nzima, nikizigeuza. Jioni nikazirudisha, redio ikanguruma mpaka mbwa wakakimbia. Betri iliyoanikwa inafufuka, kila mtu anajua. Kila mtu anajua pia kwamba haichukui muda inakufa tena, ila hilo huwa hatulitaji.

Sironka, Mmasai aliyekuwa akichungia upande wa Kwamndolo, alitupa punda wake na yeye mwenyewe akatuongoza. Alimwita Bibi "koko", kama anavyomwita bibi yake, na Bibi alimpenda kwa sababu hakuwahi kumwona na kalamu. Tulitoka kabla jua halijapanda. Njia nzima Bibi hakusema, ameshika kibuyu cha maji na kifurushi cha unga, na mimi nyuma na redio kichwani, nikijisikia mtu.

Tulipofika alishuka mwenyewe. Sironka akabaki mbali, kwa ng'ombe zake waliokuwa malishoni kule, maana si mtu wa ukoo. Bibi alikuwa haoni vizuri tena, lakini alitembea mle porini kama aliyeamka tu kwenda kuwasha moto jikoni. Aligusa mti mmoja, akahesabu hatua, akasimama mbele ya fungu la kwanza la mawe.

"Iko tayari?"

Nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

Akamwaga maji, akanyunyiza unga, akaanza. Alisema kwa Kizigua cha zamani, kizito, taratibu. Nilimfuata nyuma nimeibeba redio mikononi kama sinia. Kaburi la kwanza, la pili, la tatu. Ukiniuliza alisema nini, sijui. Nilikuwa natazama mkanda unavyozunguka. Nilikuwa naziba upepo kwa kanga yangu. Nilikuwa nafikiri jinsi kazi inavyokwenda vizuri. Mtu akishakuwa na chombo cha kusikiliza, masikio yake anayapa likizo.

Tulipofika katikati taa ilianza kufifia. Nikadhani ni jua. Ikafifia tena. Nikaiweka redio chini juu ya kichuguu, nikapiga magoti, nikaanza kukandamiza kifuniko cha betri kwa kiganja, labda haziungani vizuri. Bibi aliendelea na fimbo yake, nyuma ya mgongo wangu, kwenye yale mafungu yaliyokuwa yamejitenga na mstari, moja huku, moja kule. Nilimsikia anasema kitu nikamjibu kitu. Mkanda ulikuwa bado unazunguka, polepole, lakini unazunguka, na hilo ndilo nililolijali. Alipomaliza alikaa chini kwenye nyasi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umewaona wote?" akaniuliza.

"Nimewanasa wote, Bibi."

Akaninyooshea mkono nimwinue.

Mvua ilitukuta njiani, na Bibi hakuinuka tena kitandani. Homa ilimla siku tisa. Siku ya kumi tulimzika hapa Mkata, wa kwanza wa ukoo wetu kulala katika ardhi hii. Nililia kwa uchungu wa kawaida, ule wa mtu aliyefanya wajibu wake. Nilijua ninacho kila kitu kwenye kanda. Nyumba ya msiba haipigwi redio, kwa hiyo niliifunga kwenye shuka nikaiweka uvunguni mpaka arobaini ipite.

Arobaini ilipopita zilikuwa zimebaki siku sita kamati ya kijiji ije kufukua. Safari hii nilinunua betri mpya, zote nane. Nilifunga mlango, nikakaa mkekani alipokuwa akikaa Bibi, nikabonyeza.

Akatoka ndege. Sina namna nyingine ya kusema. Sauti nyembamba, ya mbio, inayolialia kama vifaranga vimeibiwa mama yao. Nikazima, nikawasha. Nikageuza kanda. Nikaipiga kofi redio. Vilevile. Mwanzoni kulikuwa na maneno ambayo ungeweza kuyakisia, na kadiri mkanda ulivyokwenda vifaranga vikazidi kuwa vidogo, mpaka mwisho ikabaki milio ya mbu.

Kesho yake nilikuwa barazani kwa Matayo na redio kichwani. Nilimwamkia kwa adabu ambayo sikumpa mara ya kwanza. Aliisikiliza kanda kwa nusu dakika tu.

"Betri ulianika?" akauliza.

Nikaitika kwa kichwa.

"Redio ilikuwa inakufa huku inanasa. Mkanda ulikuwa unatembea polepole, maneno yakabanana. Sasa betri mpya zinaukimbiza, kwa hiyo na bibi anakimbia."

"Unaweza kumpunguza?"

"Nitajaribu."

Akaifungua mgongo, akaingiza bisibisi nyembamba kwenye mota, akageuza kidogo sana. Na pale barazani, katikati ya kelele za Korogwe, wauza machungwa na makonda, Bibi Hamisa akazungumza. Ilikuwa sauti yake hasa, pamoja na kile kikohozi chake. Nilijifunika uso kwa kanga. Matayo akanisukumia karatasi ya kaki na penseli, nami nikaandika. Mungu anisamehe, niliandika. Jina la kwanza, babu yake, aliyetoka Mgambo na mbuzi wawili. La pili, mkewe. Kila baada ya kaburi moja sauti ilianza kukimbia, Matayo akageuza bisibisi, akamrudisha. Alikuwa anamfuata bibi yangu kama mtu anayemshika mkono mgonjwa kwenye ngazi. Tulifika tisa. Ilituchukua kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na katika hao tisa mama yangu hakuwamo.

Baada ya la tisa kulikuwa na mkwaruzo mkubwa. Ni mimi naweka redio kwenye kichuguu. Kisha kwa mbali, kwa sauti iliyokwishaanza kuwa ya mtoto, Bibi akasema kwa Kiswahili, ili nielewe vizuri:

"Kudra. Acha hilo dude, njoo unishike mkono. Mwantumu huyu hapa."

Na karibu kabisa na tundu la kunasia, safi kuliko kitu chochote katika kanda ile nzima, sauti yangu mimi ikamjibu:

"Endelea tu Bibi, inanasa."

Matayo aliuondoa mkono kwenye redio kama imemchoma. Akarudisha nyuma tukasikia tena, labda alisema yuko upande gani, labda alitaja mti. Hakutaja. Kwa nini ataje, wakati nilikuwa pale? Yaliyofuata yalikuwa mbu. Matayo aligeuza bisibisi mpaka mota ikasimama, akaipa umeme wa duka, akaizungusha mpaka kwa kidole. Mbu. Makaburi matano yaliyobaki yalikuwa yamebanana kwenye kipande cha mkanda kisichofika urefu wa mkono.

Nilitamani anitukane. Nilitamani aniambie, si nilikuonyesha? Alifunga tu mgongo wa redio, skurubu moja baada ya nyingine, akaniuliza kama nimekula.

Niliporudi nilimtafuta Sironka. Yeye alikuwa kule siku ile, ana macho ya kuona ng'ombe aliyepotea ng'ambo ya bonde. Tulikwenda Kwamndolo wawili. Yale matano yalikuwa palepale, yamejitawanya nyasini, moja chini ya mti wa mgunga, mawili karibu karibu, mengine upande wa jua.

"Sironka, siku ile Bibi aliponiita, alikuwa amesimama wapi?"

Alifikiri kweli. Aliinua fimbo yake kana kwamba anataka kuonyesha, akaishusha.

"Mimi nilikuwa na ng'ombe," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa na koko."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana liliniingia mpaka ndani. Majuto ni mjukuu, watu husema, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi niliyekuwa nimesimama pale. Nilikwenda kwenye kila fungu nikaweka kiganja juu ya mawe. Nilisema "mama" mara tano. Nilidhani damu itanishtua. Watu husimulia mambo kama hayo. Mawe yote yalikuwa na joto lilelile la jua.

Siku ya kamati alikuja Mzee Semboja na daftari lake, wachimbaji wanne, na Shehe Sadala na bunda la sanda. Kwa pembeni, wachimbaji wengine walikuwa wameshachimba lile shimo la pamoja, pana, mraba, kama la choo cha shule. Nilisoma majina tisa, kuanzia mwanzo wa mstari. Walifukuliwa tisa, wakafungwa, wakawekwa kwa mstari kwenye mkokoteni. Mzee Semboja akanitazama juu ya miwani.

"Umesema yako kumi na manne. Bado matano."

"Shikamoo mzee, yale mengine..." Nilikuwa nimekwishamwamkia asubuhi. Sikujua nasema nini. "Nina jina moja tu, mzee. Mwantumu. Mama yangu."

"Ni lipi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema sijui. Nimelala siku tano nikijizoesha kusema sijui. Wangemtia shimoni na wenzake wanne, angalau angekuwa na watu wake, na mimi ningekuwa nimesema kweli. Lakini niliona lile shimo. Nikaona mama yangu anatupwa mle kwa sururu, na mimi nimempa mgongo kwa mara ya pili. Hapo mkono wangu ukainuka wenyewe ukaonyesha lile la chini ya mgunga, kwa sababu lilikuwa na kivuli. Ndiyo sababu pekee. Lilikuwa zuri kutazama.

"Una uhakika?" Mzee Semboja akauliza. "Ukishaonyesha tumemaliza. Hatuwezi kufukua moja moja tukitafuta."

"Ndilo."

Akaandika. Wachimbaji wakaondoa mawe, wakachimba. Udongo wa Kwamndolo ni mwepesi, haukuchukua muda. Shehe Sadala akashuka mwenyewe ndani na sanda, akaanza kukusanya, na ghafla akapunguza mwendo wa mikono yake. Nikasogea ukingoni.

Mimi ni fundi. Sihitaji futi kujua urefu wa kitu. Mfupa wa paja alioushika Shehe Sadala ulikuwa haufiki kutoka kwenye kiwiko changu hadi kwenye kifundo cha mkono. Aliyelala pale alikuwa mtoto, wa miaka mitatu, labda minne. Mtoto wa nani katika ukoo wetu, alikufa lini, kwa surua au kwa njaa, alikuwa wa kike au wa kiume, Bibi alisema yote siku ile, nyuma ya mgongo wangu.

Nyuma yangu niliwasikia wale wachimbaji wengine wameshaanza. Walikuwa wanayaondoa mawe ya makaburi manne yaliyobaki na kuyarusha pembeni, na sururu ya kwanza ikapiga ardhi. Mmoja wa hao wanne alikuwa yeye. Ningeweza kupiga kelele. Kupiga kelele niseme nini? Simameni, nimekosea, ni mmojawapo, sijui yupi?

Shehe Sadala aliinua uso kutoka kaburini. Alikuwa mtu mzima, amezika wengi, na alikuwa ameshaelewa. Akaongea chini chini, ili Mzee Semboja na daftari lake wasisikie.

"Binti yangu. Huyu ni mama yako?"

"Ndiye," nikasema.

Akasubiri kidogo anipe nafasi. Sikuichukua. Akaikunja ile sanda, ya mtu mzima, ikawa inazunguka na kuzunguka kwa sababu ilikuwa kubwa mno, akanipandishia. Nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi kabisa.